Kadi ya mkopo ina kalenda yake

Mwezi wa nne mwaka jana muuguzi mmoja alinikuta kwenye mgahawa pale Wandegeya, Kampala, akatoa mkobani karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Tunatoka upande mmoja, Arua, kwa hiyo mazungumzo yetu huwa ya Kiswahili tangu salamu. "Kaka, hebu nisomee hizi," akasema. "Nimelipa walichoniambia nilipe, na deni halijashuka."

Zilikuwa taarifa zake mbili za kwanza za kadi ya mkopo, ya Februari na ya Machi. Nimekaa miaka 11 kwenye dawati la kadi katika benki kabla ya kuanza kazi ya ushauri, na karatasi kama zile nimezisoma kwa mamia. Bado huniuma, kwa sababu karibu kila mara mwenye kadi si mzembe wala mbadhirifu. Ni mtu ambaye hakuna aliyekaa naye dakika kumi kumweleza kadi yake inavyohesabu siku.

Wengi wetu hapa Uganda tukisema "kadi ya benki" tunamaanisha kadi ya akaunti. Unaichomeka, unabonyeza namba ya siri, na pesa zako mwenyewe zinatoka. Kadi ya mkopo kwa sura ni ileile: plastiki, tarakimu 16, Visa au Mastercard pembeni. Lakini pesa inayotoka ni ya benki, na wewe unaanza kudaiwa dakika hiyohiyo. Mtu aliyezoea ya kwanza huitumia ya pili kwa mazoea yaleyale, na hapo ndipo anapoumia.

Kadi ya mkopo inaishi kwa tarehe mbili. Ya kwanza ni siku ya kufunga hesabu: benki inajumlisha ulichotumia tangu mwezi uliopita na kukutumia taarifa. Ya pili ni siku ya mwisho ya kulipa, ambayo huja wiki tatu au zaidi baadaye. Kwa dada yangu huyu, hesabu ilifungwa tarehe 28 na malipo yalitakiwa ifikapo tarehe 25 ya mwezi unaofuata. Kitu alichonunua tarehe 1 Machi kingeingia kwenye taarifa ya tarehe 28 Machi, na angekilipa tarehe 25 Aprili. Hizo ni siku 55 bila riba. Kitu kilekile akikinunua tarehe 27 Machi, siku zinabaki 29. Benki zikitangaza "hadi siku 55 bila riba", neno la kushika hapo ni "hadi".

Muda huo wa bure una sharti moja ambalo ndilo kiini cha jambo lote: lazima ulipe deni lote lililo kwenye taarifa. Lote kabisa. Ukibakiza sehemu, benki nyingi zinarudi nyuma na kuhesabu riba tangu siku uliyonunua. Na mwezi unaofuata, hata sukari na mkate utakaonunua kwa kadi vitaanza kuhesabiwa riba siku ileile, kwa sababu muda wa bure umeshaupoteza mpaka umalize deni.

Sasa turudi kwenye zile karatasi. Mstari wa kwanza: tarehe 3 Februari, ATM, shilingi 1,500,000. Muhula wa kwanza ulikuwa unafunguliwa, mtoto anaingia bweni, shule inataka karo, yeye akaenda na kadi kwenye mashine na kutoa noti. Mstari wa pili: tarehe 6 Februari, supamaketi, 420,000. Godoro, sanduku la bati, madaftari, sabuni, ndoo.

Kwake yeye hayo yalikuwa matumizi mawili ya aina moja. Kwa benki ni vitu viwili tofauti kabisa. Kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo hakuna siku hata moja ya bure. Mkataba wake ulisema makato ya asilimia 4 kwa kila utoaji, kwa hiyo 60,000 ilikatwa palepale. Riba ilikuwa asilimia 3 kwa mwezi, ikihesabiwa kwa siku, ambayo kwa 1,500,000 ni shilingi 1,500 kila jua likichomoza. Kama angengoja mpaka tarehe 25 Machi, siku aliyodhani ndiyo mwisho wa muda wa bure, zingekuwa siku 50, yaani riba ya 75,000. Ongeza makato, karo ya mtoto imepanda kwa 135,000, na shule haijaona hata senti ya nyongeza hiyo.

Taarifa ya Februari ilimwonyesha deni la 2,017,500, na chini yake, kwa herufi zilizokolezwa, "kiwango cha chini cha malipo: 201,750". Yeye alisoma hapo kama mtu anayesoma awamu ya mkopo wa mshahara. Akalipa 201,750 tarehe 20 Machi, mapema kabisa, akalala usingizi. Karibu nusu ya pesa hiyo ilimezwa na makato na riba. Na lile godoro na sanduku la bati, ambavyo visingetozwa riba kama angemaliza deni lote, vikatozwa riba tangu tarehe 6 Februari: 21,000 kwenye taarifa ya pili.

Kiwango cha chini ndicho kiasi kinachoizuia benki kukuita mdaiwa sugu. Hakikuwekwa ili umalize deni. Nilimgeuzia karatasi upande wa nyuma nikamwandikia hesabu hii, na ninaiweka hapa kwa sababu sijaona inayofungua macho kuliko hiyo. Chukua deni la 2,000,000, riba asilimia 3 kwa mwezi, na usinunue kitu kingine chochote kwa kadi. Ukilipa asilimia 10 ya deni kila mwezi, malipo ya kwanza ni 206,000, kisha yanapungua kadiri deni linavyopungua. Unaona nafuu. Baada ya mwaka mzima utakuwa umelipa karibu 1,686,000 na bado unadaiwa takriban 805,000. Sasa lipa 250,000 kila mwezi bila kupunguza, hata pale benki inapokuomba kiasi kidogo kuliko hicho. Mwezi wa kumi unamalizia 72,000 tu na deni limekwisha, riba yote ikiwa karibu 322,000. Tofauti ya mwezi wa kwanza kati ya njia hizo mbili ni shilingi 44,000. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga haya hurefushwa na kiwango cha chini.

Asilimia 3 hiyo ni ya mkataba wake. Wako soma mwenyewe. Na ukiambiwa riba ya mwezi, usiilinganishe na mkopo unaotajwa kwa mwaka. Asilimia 3 kwa mwezi ni 36 kwa mwaka kwa hesabu ya kawaida, na inakaribia 43 riba ikizaa riba.

Nilimuuliza swali moja ambalo huwauliza wote: mshahara unaingia lini? Tarehe 28. Yaani benki ilimtaka alipe tarehe 25, siku tatu kabla ya mshahara, wakati mfuko umekauka kuliko siku zote za mwezi. Hakuna aliyemtakia mabaya, mfumo ulipanga hivyo tu siku kadi ilipofunguliwa. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba tarehe hiyo huhamishwa kwa ombi. Aliandika barua pepe ya mistari minne, na benki ikasogeza kufunga hesabu hadi tarehe 10 na siku ya kulipa hadi tarehe 5. Mshahara ukiingia, kadi inalipwa kabla ya kitu kingine. Kama unafanya kazi ya serikali au kampuni inayolipa mwisho wa mwezi, angalia tarehe zako leo. Kisha agiza benki ikate deni lote, si kiwango cha chini, moja kwa moja kutoka kwenye akaunti yako ya mshahara. Fomu nyingine huwa tayari zimewekwa alama kwenye kiwango cha chini, kwa hiyo kagua kabla ya kutia sahihi.

Kuhusu karo, ushauri wangu hauna kona: usitoe karo kwenye ATM kwa kadi ya mkopo. Nenda kwa bwana fedha wa shule uombe kulipa kwa awamu mbili. Wengi hukubali ukienda kabla ya kufungua na si baada ya mtoto kurudishwa nyumbani. Uliza SACCO yako. Uliza benki bei ya mkopo wa mshahara. Ukikosa vyote hivyo ndipo tuongee, lakini mpaka hapo tatizo si kadi tena.

Sisemi kadi hii ni mbaya. Mimi ninayo, na kuna kazi ambazo hakuna chombo kingine kinazifanya vizuri hivyo: kukata tiketi ya ndege, kulipia mtihani au maombi ya chuo nje ya nchi, kuweka dhamana ya hoteli au gari. Na ina ulinzi ambao pesa za simu hazina. Ukituma pesa kwa simu kwa muuzaji tapeli, kuirudisha ni kumbembeleza. Ukilipa kwa kadi na mzigo usije, au ukakatwa mara mbili, una haki ya kupinga malipo hayo kupitia benki, na benki ya muuzaji inalazimika kujibu. Muda wa kupinga una mwisho, kwa hiyo soma taarifa kila mwezi mstari kwa mstari na ulalamike kwa maandishi. Miongozo ya Benki Kuu ya Uganda ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, iliyotolewa mwaka 2011, inaitaka benki ikueleze gharama waziwazi na iwe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Usione aibu kuutumia.

Mimi mwenyewe niliwahi kukatwa dola 9 kila mwezi kwa miezi saba na programu niliyojiunga nayo kwa majaribio ya wiki moja. Kwa bei ya dola ya wakati huo, iliyozidi shilingi 3,500, hiyo ilikuwa zaidi ya 220,000 iliyopotea kwa sababu nilikuwa naangalia jumla ya taarifa tu bila kupitia mistari. Tangu hapo kila kitu cha majaribio nakiandikia tarehe ya kukifuta siku ileile ninapojiunga.

Wafanyabiashara wanaokwenda Dubai kufuata mzigo, hili ni lenu. Mashine ya duka ikikuuliza ulipe kwa shilingi za Uganda au kwa dirhamu, chagua dirhamu. Ukichagua shilingi, anayepanga bei ya kubadilisha ni upande wa muuzaji, na kwa kawaida hujiongezea kuliko benki yako. Na kama kadi yako inadai kwa dola huku mshahara wako ni wa shilingi, jua kwamba deni linaweza kukua bila wewe kununua kitu, shilingi ikishuka tu. Hapa nyumbani, kuna maduka yanayoongeza asilimia kadhaa ukilipa kwa kadi. Uliza kabla mashine haijatolewa. Nyongeza ya asilimia 3 inakula sehemu kubwa ya faida ya siku zako 55.

Juu ya wizi nitasema kwa ufupi. Kadi isiende jikoni na mhudumu; mwambie alete mashine mezani. Tarakimu tatu za nyuma ni sawa na ufunguo wa nyumba. Mtu anayepiga simu akisema "natoka benki, nisomee namba iliyokuja kwenye ujumbe" ni mwizi, hata kama analijua jina lako kamili na tawi lako. Kata simu, kisha piga wewe mwenyewe namba iliyoandikwa nyuma ya kadi.

Wanaoniuliza kama waombe kadi, huwajibu hivi: kama katika miezi hii mitatu iliyopita kila mwezi ulifika tarehe 25 ukiwa umeishiwa, usiombe sasa. Kama huna historia, omba ile inayodhaminiwa na akiba yako mwenyewe ya muda maalumu, yenye kikomo kidogo, uitumie kwa kitu kimoja tu, mathalani mafuta ya gari, uimalize kila mwezi. Tangu 2008 benki zetu zinapeana kumbukumbu za wakopaji kupitia ofisi za taarifa za mikopo. Ukichelewa kulipa kadi ya 500,000, siku utakapoomba mkopo wa kujenga, afisa atauona ucheleweshaji huo kabla hajauona mshahara wako.

Muuguzi yule alilipa 250,000 kila mwezi kama tulivyoandika nyuma ya karatasi, na aliifungia kadi sandukuni muda wote huo. Alipomaliza aliamua kuifunga, nami nilimsindikiza. Kukata plastiki kwa mkasi hakufungi kadi. Kwanza alifuta malipo yote yanayojirudia. Akaomba kufunga kwa maandishi. Akasubiri taarifa moja zaidi, kwa sababu riba ya siku za mwisho huja ikiwa imechelewa, na kweli ilikuja 6,400, akailipa. Mwisho akadai barua ya benki inayosema hadaiwi kitu, yenye muhuri na tarehe. Barua hiyo ameiweka kwenye bahasha moja na stakabadhi za kiwanja chake.