Shakkei: mandhari ya kuazima

Shakkei ni ufundi wa bustani za Kijapani wa kuazima mandhari: mlima, msitu au mji ulio nje ya uzio unaingizwa bustanini kana kwamba ni mali ya mwenye nyumba. Kuwa na sura nzuri kwa mbali hakutoshi. Lazima fundi awe ameamua kipi kionekane na kipi kifichwe.

Pa kuiona vizuri ni Shugakuin, jijini Kyoto, chini ya mlima Hiei. Mfalme Go-Mizunoo, aliyekuwa ameng'atuka tangu 1629, alijijengea makazi ya mapumziko hapo kwenye mteremko katika miaka ya 1650. Kuingia ni bure, ila unaomba nafasi na kutembezwa na kiongozi. Vaa viatu vya kutembelea, maana ni kama kilomita 3 na kupanda kupo.

Bustani ziko tatu, na katikati yake kuna mashamba ya mpunga yanayolimwa hadi leo. Nayo ni sehemu ya mandhari. Kwenye bustani ya juu unapanda ngazi zilizobanwa na vichaka virefu vilivyopogolewa. Huoni kitu ila majani na mgongo wa aliyekutangulia. Ghafla unatokea kwenye kibanda cha Rin'un-tei: bwawa chini yako, kisha miti, kisha safu za milima. Wengi hukimbilia kupiga picha, wakapitwa na vijiwe vilivyopachikwa sakafuni, kimoja hapa, viwili pale, vitatu kule.

Bwawa lenyewe ni kazi ya mikono. Maji yalizuiwa kwa tuta la takriban mita 200, na ukiwa chini huwezi kulitambua, kwa kuwa limevikwa vichaka vya aina nyingi vinavyokatwa kwa pamoja. Daraja la Chitose liliongezwa 1824, na kwangu mimi lina madoido kupita kiasi.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, na shakkei ina hofu hiyo hiyo. Hekalu la Entsu-ji, huko huko Kyoto, linautazama Hiei juu ya ua wa vichaka uliokatwa sawasawa. Jengo moja tu la ghorofa lingeuziba. Ndiyo maana tangu 2007 jiji lina sheria inayodhibiti urefu na hata sura ya majengo yaliyo kati ya hekalu na mlima.