Moyo upo, habari ndiyo haijafika

Kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya mtaa katika mji mdogo anaifahamu asubuhi ya namna hii. Waliotarajiwa ni arobaini, waliofika ni sita, na wanne kati yao ni wajumbe wa kamati. Majembe yameegemezwa ukutani, jua linapanda, na mmoja anatamka lile neno la kila mara: "Watu wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea." Nimeratibu kazi hizi kwa miaka kadhaa, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kulikataa neno hilo. Moyo upo. Yako mambo tunayoyaamini kuhusu habari na kuhusu kujitolea ambayo si ya kweli, na hayo ndiyo yanayowabakisha watu nyumbani.

"Mji wenyewe mdogo, nani asiyejua?"

Katika mji mdogo kinachokimbia ni habari za watu. Ugomvi wa jana usiku utakuwa umefika mtaa wa pili kabla hakujapambazuka. Habari ya siku ya kupima shinikizo la damu haina mbio hizo. Inazunguka kwa watu walewale wanaokaa pamoja kila jioni. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza sababu: marafiki wa karibu aghalabu wanajua mambo yaleyale, hivyo jambo jipya mara nyingi huletwa na mtu mnayefahamiana juu juu tu. Ukitaka habari ivuke, mpe anayekutana na makundi mengi: dereva, kinyozi, mwalimu wa chekechea. Kisha uwafikirie wale ambao mbiu haiwafikii kabisa: mlinzi anayelala mchana, familia iliyohamia mwezi uliopita, kiziwi ambaye gari la matangazo linampita bila habari, mzee ambaye simu yake haina intaneti.

"Tangazo limeshabandikwa, wakitaka watakuja"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapowapoteza wengi.

Nina karatasi moja niliyoibandua ubaoni baada ya kazi kushindikana. Wino umepauka kwa jua, kona imefunikwa na tangazo la mbuzi aliyepotea. Imeandikwa: "Wananchi wote mnaombwa kujitokeza kwa wingi kusafisha mtaro. Nyote mnakaribishwa." Isome tena kama mtu mwenye kazi na watoto. Ni saa ngapi? Inaisha lini? Mtaro upi? Nije na jembe au lipo? Mgongo wangu mbovu, kuna kazi ninayoiweza? Nimuulize nani? Karatasi haijibu hata swali moja, halafu tunashangaa mtu kubaki kwake.

Neno linalodhuru zaidi pale ni "nyote". Mwaka 1968 wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi huko New York. Kila mwanafunzi aliketi peke yake chumbani, akazungumza na wenzake kwa kipaza sauti, mara akasikia mmoja wao akipatwa na kifafa. Sauti ile ilikuwa imerekodiwa, ila yeye hakujua. Walioamini kwamba wao tu ndio waliosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini kwamba kuna wengine wanne wanaosikia, waliotoka ni asilimia 31 tu. Na wale waliobaki chumbani? Watafiti waliwakuta wana wasiwasi, mikono inatetemeka, viganja vimelowa jasho. Hawakuwa watu wasiojali. Kila mmoja alikuwa akingoja wengine.

Siku hizi tunaandika hivi: "Tunahitaji watu 8. Jumamosi, saa 1 hadi saa 3 asubuhi, mtaro ulio nyuma ya zahanati. Majembe tunayo manne. Wawili watakaa kivulini kuandika majina na kugawa maji." Baada ya hapo tunapita kwa watu mmoja mmoja, kwa majina yao: mama fulani, tunaomba uje uandike majina. Mtu aliyeitwa kwa jina na kupewa kazi anayoiweza hukubali, au hukataa waziwazi, na hata huko kukataa kunakusaidia kupanga.

"Kujitolea ni kwa wenye nafasi"

Wengine husema ni kwa wastaafu, wengine kwa vijana wasio na ajira, wengine kwa wenye uwezo. Mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa takwimu za kazi, chini ya Shirika la Kazi Duniani, ulikubaliana mwaka 2013 namna ya kuihesabu kazi hii: ni kazi isiyo na malipo, isiyo ya lazima, kwa faida ya watu wasio wa kaya yako wala jamaa zako, na saa moja tu ndani ya wiki nne inatosha kumfanya mtu ahesabiwe. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kuwa takriban asilimia 70 ya kujitolea duniani hufanyika mtu kwa mtu, bila kupitia shirika lolote. Anayemsindikiza jirani asiyeona hadi kliniki yumo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Zingatia pia hilo la "isiyo ya lazima". Mtu aliyetishiwa faini asipofika hajajitolea, na tusimwite hivyo.

"Hakuna malipo, kwa hiyo hakuna gharama"

Gharama zipo na mara nyingi anazibeba asiye nazo. Nauli ya kwenda na kurudi, muda wa hewani wa kuwapigia wengine, glavu, siku ya kibarua iliyopotea. Nimeona binti hodari akiacha kufundisha watoto kusoma, na kwa muda mrefu tulidhani amechoka. Alikuwa ameishiwa nauli na aliona haya kusema. Kumrudishia mtu alichokitumia hakumfanyi mwajiriwa, wala hakupunguzi thamani ya alichokitoa. Liseme jambo hilo ndani ya tangazo lenyewe, ili asilazimike kuomba.

"Mwenye nia njema haulizwi maswali"

Huulizwa. Anayetaka kukaa na watoto au kuingia nyumbani kwa wazee atoe watu wa kumdhamini, na pasiwe na mtu mzima mmoja peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Mwenye nia njema hatakasirika.

"Damu ikihitajika watatuita"

Hii inaua, nami naiandika nikimaanisha. Hakuna kiwanda cha damu. Inatoka kwa mtu mwingine au haipatikani. Chembe nyekundu huhifadhiwa kwenye jokofu hadi siku 42, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku 5 hadi 7 tu. Kila chupa lazima ipimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende kabla haijamfikia mgonjwa. Kwa hiyo mama anayevuja damu baada ya kujifungua usiku wa leo anaokolewa na aliyetoa wiki iliyopita, wakati hakuna aliyekuwa akilia. Kinachotolewa ni takriban mililita 450, mwilini mwa mtu mzima mna lita kama 5. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mwanamume apumzike miezi mitatu kabla ya kutoa tena, mwanamke minne. Kwa hiyo tarehe ya kutoa damu iwemo kwenye kalenda ya mji mwaka mzima, isingoje ajali, wala Juni 14 ambayo ndiyo Siku ya Wachangia Damu Duniani.

Moto nao ni hivyohivyo. Ujerumani ina takriban watu milioni 1 wa zimamoto ya kujitolea, na miji yake mingi midogo inawategemea hao tu. Wanafundishwa na kufanya mazoezi kabla ya moto, kwa hiyo tusidhani anayejitolea lazima awe mbumbumbu wa kazi.

"Kazi ikiisha, habari imeisha"

Karatasi ya mtaro tuliyoiandika upya hatukuibandua siku ile. Tuliongeza chini yake, kwa kalamu: waliofika 11, mtaro umezibuliwa hadi darajani, kipande cha mwisho bado, tunahitaji watu 5 Jumamosi ijayo, saa 1 hadi saa 2. Kufikia Jumatano, majina matatu yalikuwa yameandikwa pembeni kwa mwandiko nisioutambua.