Kwa nini taa ya kuchaji inakataa chaja nzima

Mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja juzi na taa yake ya kuchaji. "Kijana wangu, taa hii inachagua chaja," akaniambia. Kwa waya ya zamani, ile yenye kichwa kipana upande wa chaja, inajaa vizuri. Akitumia chaja mpya ya laptopu ya mwanawe, yenye kichwa kidogo cha USB cha Taipu C huku na huku, haioneshi hata dalili. Dukani walimwambia chaja ndiyo mbovu.

Chaja haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa ndani ya taa.

Waliotumia kompyuta miaka ya 1990 wanakumbuka mgongo wa mashine ulivyojaa matundu: kibodi na kipanya kila kimoja na lake, printa lake pana la pini 25, modemu lake. Ukichomeka kipanya mashine ikiwa imewaka, mara nyingi ilibidi uizime na kuiwasha upya ndipo kitambulike. Januari 1996 ikatoka USB ya kwanza, tundu moja la kuchukua nafasi ya hayo yote, kazi ya kampuni saba, zikiwemo Intel, Microsoft, IBM na Compaq. Ilikuwa na nyaya nne tu: nyekundu ya umeme wa volti 5, nyeusi ya hasi, nyeupe na kijani za data. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kifaa kikichomekwa kinajitambulisha. Kompyuta inauliza, nacho kinajibu kimetoka kwa nani na ni cha kundi gani, kisha kinapewa namba yake, kati ya 1 na 127. Ndiyo maana flashi yako inafunguka hata kwenye kompyuta ya ugenini bila kuwekewa programu yoyote.

Taipu C, umbo jipya la kichwa cha USB, ilikuja 2014, ina pini 24 na unaichomeka upande wowote. Pini mbili kati ya hizo kazi yake ni kuulizana. Chaja ya Taipu C haitoi umeme mpaka ihisi, kupitia moja ya pini hizo, rezista (kijipande cha kuzuia umeme) ya omu 5,100 iliyomo ndani ya kifaa. Isipoihisi, kwake ni kama hakuna kilichochomekwa. Kichwa kipana cha zamani hakiulizi, volti 5 zipo muda wote.

Nikafungua taa ya mzee, nikaiweka chini ya lenzi. Pini zile mbili zilikuwa tupu, hazijaunganishwa na chochote. Kiwanda kimebana gharama ya rezista mbili ndogo kuliko punje ya mchele. Nikachomelea mbili, moja kwa kila pini, ncha za pili kwenye hasi. Nikachomeka chaja ileile, taa ikaanza kujaa.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu watu wanatupa chaja nzima na kununua nyingine kwa kosa la kifaa. Umbo la tundu linakwambia kitaingia tu. Haliwezi kukwambia kasi wala umeme. Waya nyingi za Taipu C zinazokuja na simu zinapitisha data kwa kasi ya USB 2.0 ya mwaka 2000, megabiti 480 kwa sekunde. Video za gigabaiti 50 kwenda diski ya nje zitakula dakika 20 hivi, wakati waya ya gigabiti 5, yenye diski ya SSD (ya chipu, isiyozunguka), inamaliza kwa dakika mbili tatu. Kwa macho hutaziona tofauti. Hata iPhone 15 ya kawaida, ya 2023, ina tundu la Taipu C lakini data yake inakwenda kwa kasi ya USB 2.0.

Umeme nao ni vivyo hivyo: waya ya kawaida ya Taipu C inabeba wati 60. Zaidi ya hapo, mpaka 240, lazima kichwani mwake iwe na chipu inayotamka uwezo wake. Kabla ya kulipia, soma wati na kasi kwenye pakiti. Kama hazikuandikwa, mimi waya hiyo siichukui.

Mzee aliondoka na taa yake. Jana amerudi na spika ya mjukuu wake, ina ugonjwa uleule.