Mchoro wa Kale wa Chaki Nyekundu: Kabla ya Kuuliza Bei

Malalamiko yanayofika kwetu, idara inayochunguza michoro ya kale, yameongezeka, na mengi yanafanana: mtu amerithi mchoro wa Bikira Maria au wa mtakatifu fulani, ameupiga picha kwa simu na kututumia, akajibiwa kwamba hatukadirii thamani kwa picha, akaona amepuuzwa. Hajapuuzwa. Picha ya simu aghalabu haionyeshi kama kilicho juu ya karatasi ni chaki au ni wino, yaani kama kimechorwa kwa mkono au kimechapishwa, na hilo ndilo swali letu la kwanza.

Katikati ya karne ya 18, mafundi wa Ufaransa kama Jean-Charles François na Gilles Demarteau walichonga mabamba ya shaba kwa vigurudumu vyenye meno ili chapa, yaani picha zilizochapishwa kwa wino, zitoke zikifanana na michoro ya chaki. Zilichapishwa kwa wingi, na hadi leo zinaletwa kwetu zikiitwa michoro. Chini ya kioo cha kukuzia, chembe za chaki hukaa juu ya vinundu vya karatasi na kuacha mabonde yake meupe. Mstari huanza mzito, ukafifia pale mkono ulipolegea. Chapa huonyesha vidoti vya wino vinavyojirudia kwa mpangilio, na kama kingo hazijakatwa, utaona karatasi imebonyea pale bamba lilipoishia.

Ipo pia nakala ya kukandamiza. Karatasi yenye unyevu hulazwa juu ya mchoro na kushindiliwa, ikabeba sehemu ya chaki na kutoa sura iliyogeuka. Hapa picha za dini zinatusaidia sana, kwa kuwa Kristo hubariki kwa mkono wa kulia. Akionekana anabariki kwa kushoto, chaki imepauka, na mistari ya kivuli inashuka kutoka kushoto kwenda kulia, tunashuku nakala. Tunashuku tu: Leonardo da Vinci alitumia mkono wa kushoto, na mistari yake hushuka hivyo hivyo.

Jina la Raffaello, mchoraji mashuhuri wa Italia, lililoandikwa pembeni si saini. Tumelieleza hili mara nyingi mno. Wauzaji na wakusanyaji wa zamani walikuwa wakiandika majina kwa kukisia, kisha kila mrithi akayaamini. Ukuukuu wa karatasi nao hauthibitishi kitu. Eric Hebborn, mghushi Mwingereza aliyefariki mwaka 1996, alichora juu ya karatasi za kale makusudi. Lakini karatasi inaweza kukanusha. Ile laini, isiyo na mistari inayoachwa na chekeche la kutengenezea karatasi, ilianza kutengenezwa Ulaya katika miaka ya 1750, kwa hiyo mchoro unaodaiwa kuwa wa mwaka 1600 hauwezi kuwa juu yake.

Kinachotusisimua ni mkono uliobadili nia: mguu wa malaika uliochorwa mara mbili, au miraba iliyopigwa ili kuhamishia mchoro ukutani. Mchoro unaolingana na picha mashuhuri ya altareni kila mkunjo wa vazi, bila sahihisho hata moja, kwa kawaida ni zoezi la mwanafunzi.

Tunaomba sana: msisafishe. Msifute kwa mkate wala kifutio, msipulizie dawa ya nywele, msibandue karatasi ya nyuma. Mihuri midogo ya wakusanyaji, ambayo Frits Lugt, mtaalamu Mholanzi wa michoro, aliichapishia orodha mwaka 1921, mara nyingi iko huko nyuma, na ndiyo hutuonyesha mchoro umepitia kwa nani.

Mchoro ulioko Italia una utaratibu wake. Ukizidi umri wa miaka 70, na mchoraji ameshafariki, haupelekwi nje kienyeji. Ukiwa na thamani inayozidi euro 13,500, mwenye mali huuwasilisha kwenye ofisi ya usafirishaji ya wizara ya utamaduni na kuomba cheti. Ukiwa chini ya hapo, hutoa tamko la maandishi, na ofisi inaweza bado kuuzuia. Kuutoa bila hati ni kosa la jinai: kifungo cha miaka 2 hadi 8, faini isiyozidi euro 80,000, na mchoro wenyewe kutaifishwa. Kusema hukujua kwamba ni wa kale huenda kusikusaidie ikiwa ulikuwa tayari umeuombea makadirio ya thamani. Anayenunua adai hati hizo kabla ya kulipa, na sisi tutaziomba pamoja na mchoro, ukiwa ndani ya fremu yake kama ulivyokutwa.