Ukishatia sahihi, dai limekwisha

“Wakili, wacha nitie sahihi nipokee pesa hizi za fidia, zilizobaki tutazidai baadaye.” Maneno haya nimeyasikia tena wiki hii, kwa mama wa Likoni ambaye mwanawe alilazwa na degedege baada ya kuchanjwa. Sijaona imani inayowapokonya haki wateja wangu hapa Mombasa kuliko hii.

Hakuna baadaye. Karatasi unayowekewa mezani pamoja na hundi ni mkataba. Isome: kwa kawaida inasema umepokea kiasi hicho kuwa malipo kamili na ya mwisho, na umeachilia madai yote yanayotokana na tukio lile. Ukitaka mahakama iivunje, uthibitishe kwamba ulidanganywa, ulilazimishwa, au kulikuwa na kosa la msingi. Kudaiwa kodi ya nyumba si kulazimishwa. Na daktari akikwambia mwakani kwamba mtoto atahitaji mazoezi ya viungo maisha yake yote, dai lililofungwa halifufuki.

Ndiyo maana sikubali kutaja kiasi kabla ya ripoti ya daktari inayoeleza ulemavu utakaobaki na gharama za matibabu ya mbele. Watu hunikasirikia. Mjomba atasema chukua kilicho mkononi, lakini si yeye atakayempeleka mtoto kliniki kila wiki.

Kusubiri ripoti, hata hivyo, si kulala. Wengi wamekariri kuwa muda wa kushtaki ni miaka 3. Kama chanjo ilitolewa na zahanati ya serikali, sheria inatoa miezi 12 tu, na mazungumzo ya kupatana hayasimamishi muda huo. Fungua kesi kwanza, kisha mzungumze. Kesi ya mtoto ikishafunguliwa, mzazi hawezi kupatana kwa niaba yake bila ruhusa ya mahakama, na hilo ni jema: hakimu au jaji ataangalia kama kiasi kinamtosha mtoto.

Ziko imani nyingine ninazozisikia kwa wateja. “Wakilipa, wamekiri kosa.” Hapana. Makubaliano mengi husema wazi kwamba anayelipa hakiri lolote.

“Alidungwa Jumatatu, Jumatano akaugua, ushahidi gani tena?” Kufuatana kwa siku hakutoshi. Mtoto anaweza kupata malaria wiki ileile aliyochanjwa. Daktari lazima aeleze kwa nini ni chanjo, au namna ilivyotolewa, na si kitu kingine.

“Kliniki imeshapeleka ripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu.” Vizuri, na ipelekwe kila mara, lakini ripoti ile ni ya kufuatilia usalama wa dawa. Haikufungulii dai.

“Kuna mfuko wa kimataifa unaolipa.” Mpango wa fidia wa COVAX, ule mradi wa kimataifa wa kugawia nchi chanjo za korona, ulihusu chanjo zilizopitia mradi huo pekee, katika nchi 92, Kenya ikiwemo. Chanjo za surua, polio na HPV (ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi) hazikuwamo. Hata huko, aliyekubali malipo aliachilia haki ya kushtaki.

“Wakili hulipwa tukishinda tu.” Mkataba wa namna hiyo haukubaliki katika Sheria ya Mawakili.

Na risiti, jamani! Mahakama hairudishi gharama usizozithibitisha. Weka za dawa, za vipimo, hata jumbe za M-Pesa ulizomlipa mwenye tuktuk. Kitabu cha kliniki chenye nambari ya bechi ya chanjo usimwachie mtu wa bima, mpe nakala.