Mafua yako hayaishii puani mwako

Juma lililopita nimeyasikia tena. "Kaka, sokwe ni mnyama wa porini. Analala mtini mvua inamnyeshea, anakunywa maji ya kijito. Mafua yangu yatamfanya nini?" Mgeni alisema hivyo huku akipenga kamasi, tayari amevaa viatu vya kupandia mlima. Sikumpandisha. Alinuna, nami nikalala na hasira.

Naandika kwa sababu nimechoka kulieleza jambo hili nikiwa ufukweni Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, boti inangurumisha injini, na mtu anayenisikiliza ameshalipia kibali na anaona namnyang'anya haki yake.

Viatu vinavyoshika, maji ya kutosha, kutoka asubuhi na mapema: hayo mtaambiwa na kila mtu. Mabonde ni makali, nyasi za juu zinateleza, na chakula usikiache nje kwa sababu ya nyani. Basi.

Tuje kwenye hiyo "kinga ya porini". Sokwe dume ana nguvu za kukushinda bila kutoka jasho, hilo sibishi. Lakini kinga ya mwili haitokani na nguvu za mikono. Mwili unajua kupigana na kile ulichowahi kukutana nacho. Wewe umeugua mafua tangu ukiwa mgongoni kwa mama yako, kila mwaka, ukiwa nyumbani, shuleni, ndani ya daladala. Ndiyo maana leo unapiga chafya mbili na kuendelea na kazi. Sokwe hakupitia huko. Ila mapafu yake yanafanana sana na yako, kwa hiyo kirusi kilichozoea mwili wako hakipati shida kuingia kwake. Kinamkuta hana maandalizi yoyote.

Wala sizungumzii mambo ya kufikirika. Mwaka 1966 polio ilizuka kwa watu wa Kigoma, kisha ikaonekana kwa sokwe wa Gombe. Wengine walikufa, wengine walipooza viungo. Sokwe dume mzee aliyepewa jina la McGregor alipooza miguu yote miwili, akawa anajikokota kwa mikono. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall na wenzake waliwapa sokwe chanjo kwa kuificha ndani ya ndizi. Mwaka 2006, kule hifadhi ya Mahale, kusini zaidi kwenye ziwa hilihili, ugonjwa wa kukohoa ulipita katika kundi la sokwe linaloitwa M, na sokwe wapatao 12 wakafa au kutoweka. Kirusi kilichohusishwa nao ni kile ambacho kwa mtu mzima huwa mafua ya kawaida. Tangu hapo barakoa zikawa lazima Mahale. Kwa hiyo anayeniambia barakoa ni mambo ya korona na korona imeisha, miaka yake haiendani na yetu.

Halafu pigeni hesabu. Sokwe wote wa Gombe ni takriban 100. Mama huzaa mtoto mmoja, na hukaa kama miaka mitano kabla ya kuzaa mwingine. Akifa na mtoto bado mdogo wa kubebwa, mara nyingi na mtoto hufa. Wiki moja ya kikohozi inaweza kufuta kazi ya miaka.

Sasa hizo mita 10 ambazo mgeni anatakiwa kukaa mbali na sokwe. Wengi wanadhani ni za kuhesabu pale unapomfuata sokwe. Tabu inakuja pale yeye anapokufuata. Njia ni nyembamba, mkono wa kulia kichaka, wa kushoto korongo, na sokwe mama anakuja na mtoto mgongoni, macho yake yako mbele. Mgeni anaganda kwa furaha, anatoa simu. Hapana! Rudi nyuma, ingia majanini, geuza uso, mpishe apite. Mita 10 ni deni lako wewe, hata kama aliyelivunja ni yeye. Na barakoa iliyolowa jasho haichuji vizuri. Beba ya pili kwenye mfuko mkavu, uivae tukishawakaribia. Usiishushe kidevuni eti unahema. Kama unahema, tutapumzika huku chini, mbali nao. Usiteme mate njiani, wala usiache karatasi ya kupengea. Nimemwona mtoto wa sokwe akiiokota moja nyeupe, akainusa, akaipeleka mdomoni. Nilikuwa mbali, sikuweza kufanya lolote.

Kuna kitu kinanisumbua, na kwenye mafunzo yetu sisi waongoza wageni hakisemwi kwa sauti. Mgeni anakaa na sokwe saa moja. Sisi tuko nao karibu kila siku, na tukirudi nyumbani tunabeba watoto wetu wanaokohoa. Pengine hatari kubwa ni sisi. Tena sokwe hawa walizoeshwa watu, mwanzoni hata kwa ndizi, na mazoea hayohayo ndiyo mlango wa ugonjwa. Siku nyingine najiuliza kama ilikuwa sawa. Kisha natazama vilima vya nje ya hifadhi vilivyogeuzwa mashamba hadi mpakani, naona kwamba msitu usiokuwa na wa kuutazama haungedumu. Sijatulia na jibu hilo, lakini ndilo ninaloenda nalo kazini.

Ukiamka na kamasi siku ya safari, niambie kabla hujapanda boti. Baki Kigoma siku mbili tatu. Nenda Ujiji, kasimame pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, kaa ufukweni ule migebuka. Ukipona, nipigie, twende.