Kabla hujaihukumu kompresa

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, hawakosi wazazi wa kunijia karakanani hapa Mwanakwerekwe, Unguja, na suali lile lile: "Fundi, nimsomeshe nini kijana apate kazi?" Wengi hutarajia niseme kompyuta. Mimi ni mtu wa friji na AC, nitasema langu.

Fundi wa kujaza gesi yuko kila mtaa. Anayetafutwa na mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje ni yule anayejua gesi imepungua kwa nini. Huko chumvi ya bahari inakula koili, yaani paipu za AC zinazopita gesi, mchana na usiku. Ukijaza bila kutafuta tundu, mwezi ujao utaitwa tena, na wa tatu ataitwa mwengine.

Zamani kwenye AC tulikuwa na gesi ya R22 tu. Geji ya upande wa presha ya chini ikisoma psi 70 hivi, unafunga mkoba. Sasa hoteli moja utakuta R22, R410A na R32. Kwenye R410A geji husoma kama 120, na mwenye mazoea ya R22 huona imezidi, akaimwaga! Tena hiyo ni gesi mbili zilizochanganywa, kwa hiyo huingizwa ikiwa maji, si mvuke. Oili yake nayo inakunywa unyevu, ndiyo maana asiyevuta vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu kwenye paipu kabla ya kujaza, anaiua taratibu kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. R32 inaweza kushika moto. R290 ndiyo zaidi, kwani ni propani, ndugu wa gesi ya kupikia. Sigara mdomoni hapo ni kujitakia.

Mabadiliko haya si ya watengenezaji kujifurahisha. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulizibana gesi zinazotoboa tabaka la ozoni, R22 ikaongezwa baadaye, na makubaliano ya Kigali ya 2016 yakazifuata zile zinazopasha dunia joto, kama R410A. Kijana anayeanza leo atabadilishiwa gesi mara kadhaa kabla hajastaafu.

Halafu kuna AC ya inveta, ile ambayo kompresa yake hubadilisha kasi, iliyoniaibisha mimi mwenyewe. Hoteli moja ya shamba, AC inazima kila baada ya dakika chache. Nikasema kompresa imekufa. Ikaja mpya, ikafungwa, mambo yale yale. Kumbe ilikuwa sensa ya kupima joto la koili, kidude kama punje ya kunde. Kompresa nilijilipia. Na ningeipima ningejua: ya inveta ina ncha tatu za umeme, na ukipima ukinzani wa ncha mbili mbili, namba zote tatu zinatakiwa zilingane. Zangu zingelingana. Sikupima, nilisikiliza mlio.

Kwa hiyo mzazi namwambia ampeleke kijana mafunzo ya amali, hapa Mwanakwerekwe, Mkokotoni au Vitongoji kwa walioko Pemba, na Kiingereza asikiwache, maana vitabu vya mashine hizi havijaandikwa kwa lugha yetu. Akija kwangu, simpi geji. Nampa mita ya umeme na daftari, apime, aandike. Wengine wiki ya pili hawarudi.